Jibu: Ekonometria kwanza au programu kwanza?

Mdogo wangu, umeuliza kama umalize kwanza ekonometria (kupima uhusiano wa kiuchumi kwa takwimu) hapo Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ndipo ujifunze kuandika programu. Usisubiri, viende pamoja. Kati ya zana za kuchambulia data, Stata inalipiwa, R na Python ni bure. Mimi ningeanza na R.

Ila usikimbilie data halisi. Tunga data yako: mavuno ya alizeti yanayoongezwa na mbolea na mvua, ukiamua mwenyewe kwamba athari ya mbolea ni 2. Fanya wenye mvua nyingi ndio wanaoweka mbolea nyingi. Sasa piga regresheni (hesabu ya kukadiria athari ya mbolea kwenye mavuno) bila mvua, rudia mara 1000 kwa data mpya kila mara, chora histogramu ya majibu. Makadirio ya athari ya mbolea yatajikusanya kwenye namba kubwa kuliko 2, na hata ukiongeza sampuli hayashuki. Irudishe mvua uone yanavyotulia kwenye 2. Jambo ambalo kitabuni ni nusu ukurasa wa herufi za Kigiriki, hapo unaliona kwa macho. (Na hesabu za matriki za regresheni ziandike mwenyewe angalau mara moja, kabla ya kuiachia lm, amri ya R inayopiga regresheni.)

Baadaye pakua data ya jopo la kaya (kaya zilezile zinazohojiwa tena na tena) ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), iliyoanza 2008/09. Iko bure kwenye tovuti ya Benki ya Dunia, ukijisajili. Mafaili ni mengi. Anza na ya kilimo.