Glasi Moja na Nusu: Kabla Hujatunga Kaulimbiu, Soma Habari za Dairy Milk

Lebo yangu ya kwanza ilisomeka hivi: "Masala ya chai yenye ubora wa hali ya juu na ladha ya kipekee." Niliitunga usiku mmoja jikoni, nikaisoma kwa sauti, nikajipongeza. Jumamosi nikapanga pakiti 40 mezani kwenye soko la wikendi hapa Birmingham, Uingereza, na jioni nikarudi nyumbani na pakiti 35. Kati ya tano zilizouzika, mbili alinunua jirani yangu kwa kunionea huruma.

Ukiishi mji huu huwezi kuzikwepa habari za Cadbury, watengenezaji wa chokoleti. Panda treni ya kuelekea kusini, ushuke Bournville: kituo chenyewe kimepakwa zambarau, rangi ya Cadbury. Nilikwenda kule kuwatembeza watoto wa dada yangu. Wao walifuata chokoleti, mimi nikaganda mbele ya matangazo ya zamani ya Dairy Milk, chokoleti yao ya maziwa, mpaka wakaanza kunivuta mkono. Nilichokielewa siku ile ndicho ninachotaka kuwaambia nyinyi mnaosaga, mnaokaanga na kufungasha vitu nyumbani: kaulimbiu iacheni kwanza.

John Cadbury alifungua duka mtaa wa Bull Street, hapahapa Birmingham, mwaka 1824, akiuza chai, kahawa na kakao ya kunywa. Alikuwa wa dhehebu la Kikristo la Quaker, watu wasiotaka kusikia habari ya pombe, na vinywaji hivyo kwake vilikuwa njia ya kumwondoa mtu baa. Wanawe Richard na George wakashika biashara mwaka 1861 ikiwa hoi, na mwaka 1879 wakahamishia kiwanda Bournville, wakati huo ni mashamba matupu.

Lakini chokoleti ya maziwa hawakuibuni wao. Ni kazi ya Daniel Peter wa Vevey, Uswisi, mwaka 1875. Cadbury walipojaribu yao mwaka 1897 walitumia maziwa ya unga, ikatoka kavu, inakwaruza ulimini, na Waswisi wakaendelea kutamba sokoni. Sasa hapo, wengi wetu tungefanya nini? Tungeita mtu wa matangazo. Tungebadilisha karatasi. Wao walirudi kwenye sufuria. George Cadbury mdogo, mwana wa yule George, na wenzake walihangaika mpaka wakapata njia: maziwa halisi yanachemshwa na sukari hadi yanakuwa mazito, yanachanganywa na kakao, kisha yanakaushwa yawe chengachenga ambazo ndizo zinazosagwa kuwa chokoleti. Dairy Milk ikaingia sokoni mwaka 1905. Miaka minane, kwa ajili ya maziwa tu.

Na ile kaulimbiu maarufu, "glasi moja na nusu" ya maziwa katika kila nusu ratili? Hiyo ilikuja mwaka 1928. Piga hesabu. Chokoleti ilikuwa imeshauzwa miaka 23, na tayari ndiyo bidhaa iliyowabeba, ndipo mtu akapata maneno ya kuisemea.

Itazame vizuri kaulimbiu hiyo. Haina sifa hata moja: haisemi tamu, haisemi bora, haisemi nambari moja. Inataja chombo ambacho kila mtu anacho kabatini, na kiasi. Kisha picha inaonyesha glasi mbili, moja imejaa na nyingine nusu, zikimiminia maziwa kwenye chokoleti. Mtu anaweza kukubishia kuhusu utamu hadi kesho, lakini glasi atakubishia nini?

(Msomaji mjanja ataona mtego. Nusu ratili ni gramu 227, kwa hiyo kile kipande kidogo unachomaliza ukisubiri basi hakina glasi moja na nusu. Baadaye karatasi zikaandikwa kwa usahihi zaidi: sawa na mililita 426 za maziwa katika kila gramu 227. Ni sahihi, ndiyo, ila sijamwona mtu aliyedondokwa na mate kwa kusikia mililita 426.)

Basi nikarudi jikoni. Nilichukua pakiti yangu ya gramu 50 na kujiuliza kuna nini humu ambacho mteja anaweza kukiona kwa macho ya akili. Nikamwaga iliki mezani, nikaanza kuhesabu kama mtoto wa darasa la kwanza. Arobaini. Lebo mpya ikaandikwa: "Iliki 40 nzima zimesagwa humu." Basi. Jumamosi iliyofuata mama mmoja mtu mzima aliyejitanda mtandio akaishika pakiti, akainua miwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hizi arobaini, mwanangu, umezihesabu wewe mwenyewe?"

"Nimezihesabu, mama."

Akacheka, akachukua tatu. Hakuniuliza habari za ubora.

La rangi nitalipitia haraka. Mwaka wangu wa kwanza nilibadilisha rangi ya pakiti mara tatu, maana mchoraji aliniambia watu hupenda kitu kipya. Kilichotokea ni kwamba wateja wa zamani walidhani meza imechukuliwa na mtu mwingine. Dairy Milk imevaa zambarau tangu miaka ya 1920. Chagua rangi moja uizoee, hata ikikuchosha wewe. Anayekuona mara moja kwa wiki hajachoka.

Kuna ushauri mwingine mtapewa sana: "Tengeneza video ya kuchekesha, isambae." Na watakutajia sokwe. Mwaka 2007 Cadbury walitoa tangazo la sekunde 90 likimwonyesha sokwe anayesubiri, kisha anacharaza ngoma kwenye wimbo wa Phil Collins. Chokoleti haionekani mpaka mwisho kabisa. Lakini angalia ukuta ulio nyuma yake: zambarau. Angalia maneno ya mwanzo: yanacheza na ile glasi moja na nusu. Sokwe yule alikalia kiti kilichochongwa kwa miaka themanini. Wewe mwenye pakiti 40 ukileta sokwe, watu watamkumbuka sokwe. Tena wakati ule Cadbury walikuwa wanatoka kwenye aibu: mwaka 2006 waliondoa madukani zaidi ya vipande milioni moja kwa sababu ya vijidudu vya salmonela, na mwaka uliofuata wakatozwa faini ya pauni milioni moja. Usafi kwanza, ngoma baadaye.

Kubwa zaidi, kwangu mimi, ni la kakao yenyewe. Wakati Dairy Milk inatoka kwa sifa ya usafi na ucha Mungu, kampuni ilikuwa inanunua kakao ya kisiwa cha São Tomé, Afrika Magharibi, iliyolimwa na watu waliokuwa watumwa kwa kila hali isipokuwa jina. William Cadbury, mwana wa Richard, alisikia habari hizo mwaka 1901, lakini ununuzi ulisitishwa mwaka 1909 tu. Gazeti la Standard lilipowaita wanafiki, walilishtaki, wakashinda, na baraza la wazee wa mahakama likawapa fidia ya robo ya peni. Sijui kama kuna namna kali zaidi ya kumwambia mtu "umeshinda". Tangu nisome hilo, muuzaji wangu wa viungo namuuliza iliki zimetoka wapi na nani amezichuma, hata akinuna.

Na sasa niungame. Mwaka 2012 kipande cha Dairy Milk kilipunguzwa kutoka gramu 49 hadi 45, bei ikabaki ileile, na watu wakalalamika. Nililijua hilo. Hata hivyo, iliki zilipopanda bei, nami nilishusha pakiti yangu kutoka gramu 50 hadi 45 kimyakimya, nikijiambia nani atapima. Yule mama alirudi, akaipima kwa kiganja tu.

"Mwanangu, bado ni arobaini?"

Sikujibu. Nilipofika nyumbani nikahesabu: 36. Lebo nilizokuwa nimeshachapisha zilikuwa karibu 200, zote zikisema 40. Nikarudisha gramu 50 na kuongeza bei peni 30, nikaandika bango dogo la kueleza sababu. Wiki iliyofuata mama alilipa bila neno, lakini kabla ya kuitia mkobani aliigeuza pakiti akasoma uzito.