Kumtembeza Mgonjwa wa Parkinson kwa Mdundo

Miaka minne iliyopita mama yangu alianza kuganda mlangoni. Sebuleni alitembea bila taabu, lakini alipofika kwenye kizingiti miguu ilikataa kunyanyuka, naye akabaki ameshika mwimo wa mlango huku kiwiliwili kikiinama mbele. Daktari alitueleza kuwa ni ugonjwa wa Parkinson. Sisi watoto tulidhani dawa ya kuganda ni kumvuta mkono na kumhimiza, na nawasihi wote mnaouguza msifanye hivyo, kwa sababu kumvuta mgonjwa humpotezea mizani, na kumhimiza humzidishia wasiwasi unaomgandisha zaidi.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyetuonyesha njia nyingine. Alisimama pembeni, akapiga makofi manne ya taratibu yaliyolingana, akamwambia mama anyanyue mguu kofi la tano litakapolia. Mama akavuka kizingiti.

Nilielewa sababu yake nilipokumbuka kinu. Mama alikulia kijijini nje ya Tanga, ambako wanawake wawili au watatu hutwanga pamoja katika kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake. Atwangaye hivyo hangoji kusikia mchi wa mwenzake ukigonga ndipo aushushe wake, kwani mwili huchukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kuitikia sauti, na kwa ucheleweshaji huo michi ingegongana. Ubongo wake hupima muda ulio kati ya pigo na pigo, hukisia pigo lijalo litaangukia wapi, kisha huiamuru misuli mapema. Hata mtu anayegonga meza kwa kidole akifuata mapigo yanayolingana, kwa kawaida kidole chake hulitangulia pigo kidogo bila mwenyewe kujua.

Kazi hiyo hushirikisha maeneo ya ubongo yanayopokea sauti, yale yanayopanga mwendo, serebela iliyo upande wa kisogo, na viini vya ndani kabisa vinavyotegemea dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo. Parkinson huua seli zinazotengeneza dopamini, na ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa na ule msukumo wa ndani unaoanzisha hatua pasipo kufikiri, ilhali misuli yake bado ina nguvu. Pigo linalotoka nje humpa kipimo cha kushikilia. Mwaka 1996 mtafiti Michael Thaut na wenzake huko Colorado, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa waliofanya mazoezi ya kutembea kwa mdundo nyumbani kwa majuma 3: kasi yao iliongezeka kwa takriban asilimia 25, na urefu wa hatua kwa asilimia 12.

Sisi tulikosea mwanzoni, na kosa hilo ningependa mliepuke. Tulimwekea muziki wa haraka tukiamini ungemchangamsha, naye akaanza kukimbiza hatua fupi fupi hadi akakaribia kuanguka. Mdundo lazima utoke kwenye miguu ya mgonjwa mwenyewe. Mhesabie hatua anazopiga kwa dakika moja akitembea kwa raha yake (mama alipiga 84), kisha tega metronomu ya simu, yaani programu inayotoa mapigo yanayolingana, kwenye idadi hiyohiyo. Akizoea kwa siku kadhaa, pandisha kwa asilimia 5, na usivuke asilimia 10 bila ushauri wa mtaalamu wake. Mlio mkavu ulio wazi hufaa kuliko wimbo wenye vyombo vingi, hasa kwa msikiaji mzee.

Mwache asikilize mapigo manne au zaidi akiwa amesimama, kwa kuwa ubongo hauwezi kukisia pigo ambalo haujapewa nafasi ya kulipima. Sisi hufanya mazoezi wakati dawa zake zinafanya kazi vizuri, mtu mmoja akiwa karibu naye, na sakafu ikiwa haina mkeka wala kamba ya kumkwaza. Dawa hatujaziacha wala kuzipunguza.

Kona bado zinatusumbua. Akigeuka ghafla juu ya mguu mmoja huganda hata metronomu ikilia, kwa hiyo tumeisogeza meza ya sebuleni ili azunguke kwa duara pana, hatua moja kwa kila pigo. Siku ambazo simu haina chaji, hujipigapiga pajani kwa kiganja mara nne, ndipo anyanyue mguu.