Usukani wa boti unavuja oili, niendelee kuongeza tu?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina boti ya faiba ya futi 23, mashine moja ya nje, usukani wa haidroliki. Kama wiki tatu sa hivi kila asubuhi nakuta oili nyekundu imechuruzika chini ya silinda kule nyuma. Zamani kutoka mwisho wa kulia hadi mwisho wa kushoto nilikuwa nazungusha usukani mara tano, sasa zinafika saba afu unabonyea kama sponji. Nimekuwa naongeza oili tu. Jamaa yangu ananiambia nitie oili ya breki eti inafanya mipira ivimbe na kuziba. Ni kweli? Na naweza kuendelea kutoka nayo wakati natafuta sili, zile pete za mpira za kuzuia oili?

JIBU: Nianze na hilo la mwisho kaka, usitoke nayo. Najua kila siku boti ikilala ni hasara, lakini kati ya mikono yako na mashine hakuna waya wala mnyororo, kilichopo ni oili peke yake. Ikipungua pampu inaanza kunyonya hewa, na hewa inabanika, oili haibaniki, ndo maana unahisi sponji na unazungusha mara saba. Kesho utazungusha na mashine haitageuka kabisa, na mara nyingi inatokea pale unapokata kona kwa nguvu, unaingia mlangoni mwa bandari na wimbi liko nyuma yako.

Oili ya breki hapana kabisa. Jamaa yako yuko sahihi kwamba mpira utavimba, na hapo ndo kwenye ubaya wenyewe. Sili za usukani zimetengenezwa zifanye kazi ndani ya oili ya madini, na oili ya breki ya kawaida, zile DOT 3 na DOT 4, inazilainisha mpaka zinaoza, na haiishii kwenye silinda, inazunguka mpaka kwenye pampu. Uvujaji mmoja unaugeuza kuwa mfumo mzima wa kubadilisha. Tumia oili ya usukani wa boti iliyotajwa kwenye kitabu cha mfumo wako.

Sasa tafuta inakotoka, manake oili inateremka, pale inapodondokea sipo inapovujia. Futa silinda, viungio na mipira yote inayopitisha oili mpaka ikauke kabisa, zungushia karatasi nyeupe ya tishu kila kiungio na kila mwisho wa silinda, afu mtu akae kwenye usukani aupeleke mpaka mwisho aukandamize kidogo, kulia na kushoto, wewe uko nyuma unaangalia karatasi ipi inaanza kuwa nyekundu. Usisahau nyuma ya dashibodi, pitisha kidole chini ya pampu pale shafti ya usukani inapotokea. Kama kumelowa tu kwenye kifuniko cha kujazia, huenda ulijaza kupita kiasi, oili ikipata joto la jua inatanuka na kutoka kwenye tundu la kupumulia, hapo hakuna ugonjwa, punguza kidogo.

Ikiwa ni kiungio kaza kwa spana mbili, moja inashika nyingine inakaza, usije ukausokota mpira. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba usiiweke, inakatika vipande vinaingia kwenye vali za pampu na usukani unaanza kukwama. Na mpira uliopasuka usiunganishe na mpira wowote kwa klipu, ukilazimisha usukani mwishoni presha mle ndani inaweza kufika psi 1000.

Lakini kwa maelezo yako nashuku sili za silinda, na hapa nakuomba usikimbilie kununua sili kabla hujaikagua shafti ya silinda, ile nondo inayoingia na kutoka. Niliwahi kushughulika na boti moja nikabadilisha sili mara mbili, kila nikijaribu kavu, siku chache imelowa tena. Mara ya tatu nikaifuta shafti nikapitisha ukucha taratibu urefu wake wote, ukucha ukanasa. Kulikuwa na kishimo cha kutu kidogo sana ambacho kinaingia ndani ya silinda pale tu usukani unapopelekwa kushoto kabisa, na mimi nilikuwa najaribia usukani ukiwa katikati! Kila kikipita kinakwaruza sili mpya. Chumvi iliyokaukia pale ndo inaanzisha hayo, kwa hiyo suuza shafti kwa maji baridi ya bomba kila ukirudi. Ukwaruzo mwepesi unaweza kusugua kwa msasa laini sana wa maji, ila kishimo hakisuguliki, badilisha shafti.

Ukifungua piga picha kila hatua. Mdomo wa sili unaangalia ndani kwenye oili, ukigeuza itavuja siku hiyohiyo. Paka oili, na zile nyuzi za kufungia nati mwisho wa shafti zifunike kwa kipande cha nailoni laini kabla hujapitisha sili, zina makali zinaichana na wala huoni. Na oili iliyoingia kwenye ngama, kule chini kabisa ndani ya boti, usiipige pampu baharini, inyonye kwa matambara.

SWALI: Mimi nimeshabadilisha sili mwenyewe, hazivuji hata tone, lakini usukani bado unabonyea. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea, kuna hewa imebaki. Tafuta mtu wa pili, weka chupa ya oili kwenye tundu la kujazia kwa mrija na isiishe hata mara moja, ikiisha unaanza upya. Peleka shafti mpaka mwisho wa upande mmoja. Fungua nati ya kutolea hewa ya upande ule ambao oili itaingilia ukirudisha usukani, mwenzako aishike shafti isirudi, wewe zungusha kurudi polepole mpaka oili itoke bila povu, mwenzako afunge nati wewe ukiwa bado unazungusha. Kisha upande wa pili hivyohivyo, mara mbili au tatu. Oili iliyotoka na povu usiirudishe.

Ukimaliza toa chupa, peleka usukani mpaka mwisho, ukandamize huku unaangalia oili kwenye tundu la kujazia. Ikishuka kwa kuonekana, bado kuna hewa inabanwa mle, rudia. Ikitulia palepale funga kifuniko, sasa unaweza kuijaribu ukiwa karibu na gati.