Kuimba herufi si kuzijua

Binti yangu wa kwanza alipokuwa na miaka minne aliimba ei-bi-si-di kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kukosea. Kila mgeni aliyefika nyumbani aliimbiwa, na mimi nikafurahi nikijua mwanangu amekwisha kuzishika herufi. Siku moja jikoni nikamwonyesha herufi m kwenye pakiti ya chumvi, nikamwuliza hii ni herufi gani. Akaitazama, akanitazama mimi, kisha akaanza kuimba upya toka mwanzo, akitumaini ataikuta njiani.

Wakati huo nilikuwa sijaanza kufundisha. Leo nina mwaka wa tisa katika darasa la awali hapa Tanga, na kila Januari napokea watoto wa namna hiyohiyo. Wimbo wanaujua, herufi hawazijui. Wazazi wao huniuliza swali moja: nianzie wapi nyumbani? Hili ndilo jibu langu.

Anza na sauti, jina la herufi lisubiri. Kiswahili kimetupa neema kubwa hapa, kwa kuwa kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Kwa hiyo m usimwambie mtoto kuwa ni "em". Fumba midomo, mwambie "mmm", mwache aguse midomo yake asikie inavyotetema. Mtoto anayejua "mmm" na "a" ataziunganisha mwenyewe apate "ma". Aliyefundishwa "em" na "ei" atapata nini akiziunganisha?

Naomba nikae hapa kidogo, maana ndipo watoto wengi wanapoumia bila kosa lao. Siku hizi tunawapeleka chekechea wakafundishwe herufi kwa majina ya Kiingereza, ambako a huitwa "ei", e huitwa "i", na i huitwa "ai". Kisha mtoto anarudi nyumbani tunataka asome Kiswahili. Nimewahi kumwambia mtoto aandike "mimi", akaandika "meme". Alionekana hajui, kumbe alikuwa sahihi kabisa kwa alivyofundishwa: alisikia "i", akaandika herufi aliyoambiwa inaitwa "i". Sina ugomvi na Kiingereza, watoto wangu wote wanakisoma. Ninachosisitiza ni kwamba mtoto ashike kwanza kusoma kwa lugha anayoota nayo ndoto. Kiingereza kitamkuta tayari anajua kwamba maandishi ni sauti zilizowekwa kwenye karatasi.

Mpangilio wa a mpaka z nao usikusumbue. Utamfaa akianza kufungua kamusi. Mimi hufundisha irabu tano kwanza, kwa wiki mbili au tatu, bila haraka. Kisha m: ma, me, mi, mo, mu. Hapo mtoto tayari anasoma "mama", na uso wake siku hiyo usiukose. Halafu k analeta "kaka" na "kuku", t analeta "tatu", l analeta "lala". Baada ya hapo b, kwa ajili ya "baba". Lakini d na "dada" yake naisogeza mbali, angalau mwezi mzima, kwa sababu b na d ni umbo moja lililogeuzwa, na ukizifundisha pamoja utazisahihisha mwaka mzima. Ch, sh, ny na ng' huja mwishoni, na kila moja naifundisha kama sauti moja.

Kwa kutambua maumbo huhitaji kununua kitu. Kusanya visoda, andika herufi juu yake kwa kalamu ya wino mzito, vimwage mkekani, mwambie akutafutie "a" zote. Mkiwa njiani atafute herufi ya kwanza ya jina lake kwenye mabango na ubavuni mwa daladala. Jambo moja tu: a ya kwenye gazeti mara nyingi ina mkia uliojikunja juu kama kofia, wakati ile tunayoandika kwa mkono ni duara lenye kijiti. Mwonyeshe kwamba hizo ni moja, la sivyo atadhani ni herufi mbili.

Kuandika ni kazi ya mkono, na mkono wa mtoto wa miaka minne bado laini. Kabla ya penseli mpe udongo aufinyange, mpe unga wa chapati aukande. Tandaza mchanga kwenye sinia aandike kwa kidole. Akikosea anapangusa, na hakuna alama ya kosa inayobaki kumtazama. Penseli ikifika wakati wake, mpe fupi, iliyobaki kama kidole chake, kwa kuwa ndefu inamlemea na ataikamata kwa ngumi.

Usimjazishe ukurasa mzima wa a. Mstari wa kwanza huwa mzuri, wa tatu umechoka, wa sita si a tena, na huo wa sita ndio mkono unaoukariri. Mimi huandikisha tano tu, kisha namwambia azungushie ile anayoona imependeza zaidi. Mara nyingi anachagua vizuri kuliko mimi.

Mwanangu wa pili anaandika kwa kushoto. Bibi yake alikuwa akimnyang'anya penseli na kuihamishia kulia, kwa mapenzi, maana kwetu mkono wa kushoto haupokei wala hauli. Nilimwambia, "Mama, kula na kusalimia atatumia kulia kama ulivyotufundisha. Kuandika naomba tumwachie." Ilichukua muda, lakini alikubali. Mtoto wa kushoto mgeuzie daftari lake lilale kidogo kuelekea kulia, na darasani akae upande wa kushoto wa dawati asigongane viwiko na mwenzake.

Na akigeuza herufi, s ikatazama nyuma au jina zima likaanzia kulia, usimpige wala usimcheke. Hadi miaka saba hivi ni jambo la kawaida. Huku kwetu pwani watoto wengi asubuhi wako shuleni na jioni wako chuoni, yaani madrasa, ambako alifu na be za Kiarabu huandikwa kutoka kulia. Vichwa vyao vinabeba njia mbili kwa mpigo. Ninachofanya ni kuchora nukta ya kijani upande wa kushoto wa mstari, pale pa kuanzia. Baada ya miezi michache wanaisahau wenyewe.

Dakika kumi kwa siku zinatosha. Akianza kupiga miayo, funga daftari hata kama mko katikati ya neno.

Wiki iliyopita yule wa kushoto aliniletea karatasi yenye mchoro wa mnyama mwenye pembe, chini ameandika "ngombe". Sikumsahihisha, nikamwambia anisomee. Akasoma kwa sauti, "ng" ikatoka kama ya "ngoma". Akanyamaza, akasoma tena, kisha akakimbilia penseli.

"Mama, nimesahau kile kialama cha juu."

Akakiweka, kikubwa kuliko pembe za mnyama.