Jibu kwa aliyeuliza kwa nini timu za mikoani huanza msimu vizuri kisha huhangaika mwishoni

Ndugu uliyehamia Dodoma kikazi, umeuliza mambo mawili: kwanza, kwa nini timu ya mkoani huanza Ligi Kuu kwa kasi, kisha ikifika Machi au Aprili mashabiki wake wanapiga hesabu za kushuka daraja; pili, mgeni kama wewe aende uwanjani kutazama mechi zipi. Nimekuwa nikiingia Uwanja wa Jamhuri tangu Dodoma Jiji ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2020/21, na kila mechi yake naiandika kwenye kaunta buku: matokeo, nyumbani au ugenini, na nafasi ya mpinzani kwenye msimamo siku hiyo. Nitajibu nikiwa nimelifungua mbele yangu.

Ligi ina timu 16, kwa hiyo kila timu inacheza mechi 30. Kati ya hizo, mechi 4 ni za Simba na Yanga, nami huziandika kwa kalamu nyekundu na kuziweka kando kabla msimu haujaanza. Sisemi kwamba vigogo hawafungiki, kwani Novemba 2024 Tabora United iliifunga Yanga 3-1. Lakini msimu huo mzima Yanga ilipoteza mechi 2 tu, ikatwaa ubingwa kwa pointi 82, na Simba iliyokuwa ya pili ilikuwa na pointi 78. Timu yenye bajeti ya halmashauri ikipanga kuishi kwa pointi za kuwafunga hao, imejipangia njaa.

Zinabaki mechi 26, na humo ndimo msimu wetu ulimo. Timu mbili za mkiani zinashuka moja kwa moja. Wa 13 na wa 14 wanacheza mchujo wao kwa wao, na anayeshindwa anakutana na timu ya Championship, yaani ligi ya daraja la pili, inayotaka kupanda. Maana yake ni kwamba ukimfunga jirani yako wa kwenye msimamo, umechukua pointi tatu na umemzuia asiokote hata moja. Ukitoka naye sare nyumbani, mmebaki mlipokuwa na mechi moja imeshaondoka. Timu nyingi za mikoani hupoteza msimu kwa sare hizi za nyumbani, ambazo zikitokea Septemba hakuna anayezilalamikia, kwa sababu bado tunaitwa timu ngumu kufungika. Mzunguko wa pili unapoanza, wapinzani wameshatujua, dirisha dogo la usajili la katikati ya msimu limeshafunguliwa, na mchezaji wetu aliyeng'ara ameshapigiwa simu na mwenye fedha.

Naomba uwatazame Geita Gold, kwa sababu mfano wao huniumiza kila ninapoukumbuka. Msimu wa 2021/22 walimaliza nafasi ya nne, wakapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na mshambuliaji wao George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Mpole baadaye akaenda kucheza Kongo, na msimu wa 2023/24 Geita wakashuka daraja. Walishuka pamoja na Mtibwa Sugar, mabingwa wa 1999 na 2000. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba timu fulani haiwezi kushuka kwa sababu ya jina au historia yake, mimi humuuliza imebakiza mechi ngapi za nyumbani.

Lipo pia suala la safari na viporo, yaani mechi zilizoahirishwa, ambalo watu wa Dar es Salaam hulipita haraka mno. Februari 2025 Dodoma Jiji walitoka sare ya 2-2 na Namungo kule Ruangwa, na wakiwa njiani kurudi basi lao likapata ajali mkoani Lindi. Mechi yao na Simba iliahirishwa. Kwenye kaunta buku langu mstari wa mechi ile umekaa mtupu kwa muda wa mwezi mmoja, halafu umeandikwa kwa wino tofauti: Simba 6, Dodoma Jiji 0. Nilisikia watu wakiwatukana wachezaji siku ile, nikaona ni uonevu mkubwa. Mwili uliotoka kwenye ajali haurudi uwanjani kwa sababu ratiba imesema urudi.

Sasa mechi za kutazama. Yanga au Simba wakija, Jamhuri inajaa, na tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024 wageni kutoka Dar wamekuwa wengi zaidi. Mapato ya mlangoni ya siku hiyo yanaisaidia klabu, hilo nalikubali. Lakini ukivaa jezi ya Dodoma Jiji utajiona mgeni kwenu, kwa sababu hata jirani yako wa mtaani amevaa ya kwao. Ukitaka kuijua timu hii, njoo katikati ya wiki, saa 10:00 jioni, dhidi ya timu tunayopishana nayo nafasi moja au mbili. Msimu uliopita niliona mechi ya namna hiyo ambapo beki wetu wa kushoto, dakika za mwisho tukiwa tunaongoza 1-0, alikimbilia mpira uliokuwa ukitoka, akaukoa kwenye chaki, akaupiga kwenye mguu wa mpinzani ili turushe sisi. Uwanja ulikuwa na watu wachache kiasi kwamba ulisikia kiatu kikigusa mpira. Muuza karanga aliyekuwa akipita mbele yetu aliweka beseni chini akapiga makofi.

Upande ninaokaa kuna mzee mmoja ambaye hajawahi kuniuliza tuko nafasi ya ngapi. Mpira ukiisha huvuta kaunta buku langu, huweka kidole kwenye mistari ambayo haijaandikwa, na kusema: "Mwanangu, nihesabie za hapa nyumbani tu."