Mwanangu, msemee akiwepo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unasema una miezi minne tu tangu ukabidhiwe kiti cha mshauri wa wanafunzi, na tayari umeitwa ukaambiwa unawadekeza watoto wa watu. Kosa lako ni kwamba ulimsindikiza kijana wa mwaka wa kwanza mpaka ofisi ya ada, ukamsemea. Mkubwa wako akakukumbusha kuwa chuo si chekechea, hawa ni watu wazima, wajifunze kujitegemea. Na wewe unaniuliza: "Baba, nikimsemea namsaidia, au namlemaza?"

Umemuuliza mtu ambaye hajawahi kukaa darasani chuoni hata siku moja. Lakini nilikaa nyuma ya dirisha la msajili miaka 23, na mtu akikaa pale anajua nani anarudi muhula unaofuata na nani harudi, mara nyingi kabla mwenyewe hajajua. Jibu langu ni kwamba kumsemea hakumlemazi. Kuna kitu kingine kinachofanana nako ndicho kinacholemaza, na mimi nilikifanya. Nitafika huko.

Kwanza nikuhadithie kijana mmoja. Alikuja dirishani wiki ya pili ya muhula, kashika fomu ya kuacha masomo, imejazwa yote kwa kalamu ya bluu, herufi zimesimama kama askari wa gwaride. Mahali pa sababu ameandika: "Nimefukuzwa." Nikamuuliza, umefukuzwa na nani? Akasema, na mtandao. Kila akijaribu kusajili kozi yanatokea maneno mekundu: "Umezuiwa. Huruhusiwi kusajili." Alikaa na maneno hayo siku nane, hajamwambia mtu, na mizigo ameshaifunga. Nikafungua rekodi zake. Kitabu kimoja cha maktaba hakijarudishwa. Nikamuuliza kiko wapi, akainama akakitoa kwenye begi. Alikuwa anajitahidi akimalize kabla hajaondoka.

Kitabu kikarudishwa, na kabla ya saa sita mchana kijana alikuwa amesajiliwa.

Sasa jiulize: mtoto wa mhadhiri angeyaona maneno yaleyale angefanya nini? Angekuja dirishani amenuna, aniambie mfumo wenu una hitilafu. Maneno ni hayohayo, ila mmoja kayasoma kama hitilafu, mwingine kayasoma kama hukumu. Huyu wa pili hana upungufu wa akili, na bidii anayo kuliko wengi. Alichokosa ni mtu mmoja tu nyumbani wa kumwambia, "Ah, hilo ni deni la maktaba, hata mimi lilinikuta."

Hata wewe, msomi wangu, umesahau? Mwaka wa kwanza mlangoni kwa mhadhiri wenu palibandikwa karatasi ya saa za kuonana na wanafunzi. Ukaniambia kwenye simu kuwa saa hizo hupiti hata karibu na ule mlango, kwa sababu mhadhiri anakuwa na kazi zake na wanafunzi wenye matatizo. Nami, baba yako, mfanyakazi wa chuo, nikakusifu kwa adabu. Ulipoteza muhula mzima. Nilikuwa najua fomu zote za chuo kwa namba zake, lakini namna ya kuwa mwanafunzi sikuijua, na nisingeweza kukupa nisichokuwa nacho.

Nimeisoma pia ile taarifa uliyonitumia kuhusu Marekani. Kumbe wenzetu waliliandika jambo hili kwenye sheria: tangu marekebisho ya mwaka 1980, mwanafunzi anayehesabiwa wa kwanza kusoma chuo katika familia ni yule ambaye hakuna mzazi wake aliyemaliza shahada ya kwanza, na kama amelelewa na mzazi mmoja tu, anatazamwa huyo mmoja. Nimeipenda tafsiri hiyo kwa sababu haiangalii kaka wala shangazi, wala haisemi mzazi hakugusa chuo, inasema hakumaliza. Mzazi aliyeishia njiani anabaki na hofu kubwa kuliko asiyeingia kabisa, na hofu hiyo huwa anamrithisha mtoto. Programu zao za kuwashika mkono watoto hawa zilianza hata kabla ya hapo. Ya kwanza ilikuja mwaka 1964, ya pili 1965, ya tatu, iliyowafuata ndani ya vyuo, 1968, na kwa kuwa zilikuwa tatu zikaitwa TRIO. Zimezidi tatu siku nyingi, jina halijabadilika. Makarani tu ndio wanaoweza kuacha jambo kama hilo lipite.

Nirudi kwa mkubwa wako. Hoja yake ya kujitegemea naijua, niliisikia kila mwaka. Lakini nilikuwa napokea simu, mwanangu. Nani alikuwa anapiga simu pale ofisini kuulizia rufaa ya kijana wake, na anamfahamu mkuu wa kitivo kwa jina lake la utani? Walikuwa wazazi waliosoma. Kijana unayemwona anatembea kifua mbele peke yake ana watu watatu wanne nyuma yake waliokwisha kusema kabla hajafungua mdomo. Hakuna aliyewahi kusema huyo anadekezwa. Unapomsindikiza mtoto asiye na mtu, humpi upendeleo, unampa kile ambacho mwenzake alikuja nacho kutoka nyumbani.

Basi kulemaza kuko wapi? Hapa lazima nikiri.

Alikuwepo binti mmoja, mwaka wa pili, alikosa mtihani kwa ugonjwa. Vyeti vya hospitali anavyo, kila kitu halali, ila hajui aanzie wapi. Nilimhurumia. Nikamwambia niachie karatasi zako, nenda kapumzike. Mchana nikapita nazo mwenyewe, kwa mkuu wa idara akasaini, kwa kamati ya mitihani nikamkuta katibu ninayefahamiana naye, jioni kazi imekwisha. Binti alinishukuru mpaka machozi. Nikajiona mtu mwema sana.

Mwaka uliofuata akaugua tena. Akaja dirishani, akanikuta niko likizo. Hakwenda kwa mkuu wa idara kwa sababu hakujua kama karatasi zake ziliwahi kupita kwa mkuu wa idara. Alichojua ni dirisha na uso wangu. Akasubiri nirudi, na niliporudi muda wa kuomba ulikuwa umepita kwa siku sita. Alirudia mwaka, mwanangu. Nilimwona kwenye foleni ya kusajili upya, akanisalimia kwa heshima ileile, shikamoo baba, nami nikashindwa kumtazama.

Kwa hiyo nakuambia: msemee akiwepo. Kilichomlemaza yule binti ni kwamba nilimfanyia asipoona. Ningemchukua tukaenda wote, angeona mlango, angemwona katibu, angesikia maneno ninayotumia. Watu hawajifunzi kusema kwa kunyamaziwa, wanajifunza kwa kusikia wenzao wakisema. Wewe na huyo kijana wako mlikuwa wote mbele ya dirisha la ada, alisikia kila neno. Mkubwa wako hapo amekosea, ingawa usimwambie hivyo.

Namna ya kufanya niliigundua baadaye, nikakaa nayo mpaka nikastaafu. Safari ya kwanza unasema wewe, yeye ameshika karatasi zake mwenyewe. Hilo la kushika karatasi si dogo, aliyeshika karatasi ndiye anayetazamwa. Mkitoka, simameni ukumbini dakika tano umuulize: umesikia nimesema nini, kwa nini nimetaja tarehe kwanza, yule mama alipokataa nilimwomba nini? (Nilimwomba anitajie kanuni inayokataza. Mara nyingi hakuna kanuni, kuna mazoea.) Safari ya pili anasema yeye, wewe umesimama nyuma kidogo, unaingilia tu akikwama. Ya tatu umngojee ofisini kwako akuletee majibu. Wapo watakaohitaji safari tano, usiwahesabie.

Na kuna mahali usimsemee kabisa. Usiombe maksi. Mhadhiri akisema insha ni mbovu, kazi yako ni kumpeleka mtoto kwa mhadhiri akaelezwe ubovu wake, basi. Unapigania utaratibu: alisikilizwa, alipewa taarifa, tarehe ilitangazwa mahali anapoweza kuiona. Ukichanganya hayo mawili, siku moja utamwombea asiyestahili na watu wataacha kukusikiliza kwa wanaostahili. Vilevile usiandike barua yenye uongo hata wa huruma. Sisi makarani tunaitambua barua ya uongo kabla hatujaifungua vizuri.

Jambo la pili linalonisumbua kwenye barua yako ni pale uliposema mlango wako uko wazi siku zote na hawaji. Watakujaje? Mtoto aliyefundishwa kwamba kuomba msaada ni kusumbua wakubwa hawezi kuingia mlango eti kwa kuwa uko wazi. Wewe mlango wa mhadhiri wako uliuogopa, ulikuwa umefungwa? Waite. Kwenye ile taarifa yako, mpango wa Chuo Kikuu cha Jiji la New York ulioanza mwaka 2007, unaoitwa ASAP, haukungoja. Wanafunzi walitakiwa kumwona mshauri wao mara kwa mara, ikawa sehemu ya masharti, na mshauri mmoja alikuwa na wanafunzi 60 mpaka 80, ilhali wenzao nje ya mpango waligawana mshauri mmoja kwa mamia, hata zaidi ya elfu. Waliongezewa na vitabu, nauli na pengo la ada. Watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu, walioingia na wasioingia, na baada ya miaka mitatu waliohitimu walikuwa asilimia 40 kwa walioingia na 22 kwa wasioingia. Najua haukuwa mpango wa watoto wa kwanza kusoma chuo katika familia peke yao, ulilenga wenye kipato kidogo kwa jumla. Ila nikiiangalia hiyo 60 na hiyo elfu, naona huwezi kumjua mtu kwa jina ukiwa na elfu.

Wewe una wangapi? Hukuniambia, na nadhani hukuniambia kwa makusudi. Kama ni mia nne, usijaribu kuwapenda wote sawasawa. Chukua orodha ya waliofungiwa usajili, orodha ya waliokosa mtihani wa kwanza wa katikati ya muhula, na orodha ya waliobadilisha anwani ghafla. Anza na waliomo kwenye orodha mbili. Wapigie simu, na neno la kwanza lisiwe "una tatizo gani," maana watakujibu hawana. Waambie una fomu inayohitaji saini yao. Mtu huja kwa fomu, halafu akikaa ndipo husema.

Tena weka daftari. Lile la kwangu mama yako alikuwa analiita kitabu cha majungu, lakini ndilo lililobadilisha yale maneno mekundu. Baada ya kijana wa kitabu cha maktaba nilianza kuandika kila aliyekuja na fomu ya kuacha masomo kwa sababu ya kuzuiwa: tarehe, sababu ya kweli, alikaa siku ngapi kabla hajauliza. Majina sikuandika. Walipofika 11 nilikwenda kwa msajili. Akasema atalifikiria. Walipofika 19 nikaenda tena, safari hii na yule kijana mwenyewe, wakati huo yuko mwaka wa tatu, na yeye ndiye aliyesema. Ilichukua karibu miaka miwili, na kilichobadilika kilikuwa sentensi moja tu: "Usajili wako umesimama kwa sababu ya kitabu cha maktaba. Kirudishe, kisha endelea." Wale 19 ningeweza kuwasindikiza mmoja mmoja mpaka nistaafu, na wa 20 angekuja na mizigo yake.

Umeniuliza pia kama uwapigie wazazi wao. Bila ruhusa ya mtoto, usithubutu, na vyuo vingi kanuni zenyewe zinakukataza. Akikuruhusu, piga simu siku ambayo hakuna baya, umweleze mzazi muhula unakwendaje, lini mtoto anakuwa na mitihani na kwa nini wiki hizo asiitwe nyumbani kwa kila jambo. Hakuna aliyeniambia hayo. Nilikuwa nakuita kila nikikwama, wewe unakuja bila kulalamika, mimi nikidhani chuo kinakupa nafasi nyingi.

Ijumaa unasema mnarudi na kijana wako ofisi ya ada. Mwambie aje na nakala mbili za barua yake. Moja wabaki nayo, nyingine waigonge mhuri wa kupokelewa na tarehe, atoke nayo mkononi. Wakisema mhuri haupo, akae kwenye benchi angoje. Huwa upo, kwenye droo ya chini.

Ni mimi,
Baba yako