Maji ya Dodoma hayafiki 100

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tumepima joto mahususi la alumini (jouli za kupasha kilo moja kwa nyuzi moja) mara tatu, tunapata 850 hivi. Kitabu kinasema 900. Kalorimita yetu (chombo cha kupimia joto) mbovu? (Kidato cha nne, Nkuhungu)

JIBU: Marahaba. Kalorimita iacheni, haina kosa. Alumini ilipotoka kwenye maji yanayochemka mliandika nyuzi ngapi? 100, bila shaka. Mlizisoma kwenye kipimajoto au kitabuni? Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Tuseme alumini ni gramu 100, maji gramu 200 ya nyuzi 26, kalorimita ya shaba gramu 60. Mkiitia alumini humo, vyote vitatulia kwenye 32.6. Kokotoa kwa 96, unapata 900. Kokotoa kwa 100, unaangukia 850 kasoro kidogo. Nyuzi nne za kubuni zimewala jouli 50. Hata hivyo nawapongeza: hamkupika namba. Nimewahi kusahihisha madaftari ya darasa zima, yote 900 kamili, hata la aliyemwaga maji yake mezani. Yote niliyapa sifuri.

SWALI: Joto na halijoto si kitu kimoja? (Kizota)

JIBU: Si kitu kimoja. Nimeshajibu, nimechoka. Sindano iliyoiva moto ina halijoto kubwa. Ndoo ya maji ya uvuguvugu ina joto jingi. Basi.

SWALI: Risasi yetu (ile metali nzito) imetoa 170 badala ya 130. Ilipoa njiani? (Mpwapwa)

JIBU: Ingepoa njiani, namba ingeshuka. Nyie mmebeba maji. Gramu moja tu ya maji moto ikinata kwenye risasi ya gramu 100 inawaongezea 42. Wekeni risasi kwenye neli kavu ya kioo, neli ndiyo ikae kwenye maji yanayochemka. Na anayekoroga kwa kipimajoto akome! Cha zebaki kikivunjika msifagie wala msiguse. Fungueni madirisha, tokeni nje, mwiteni mwalimu.

SWALI: Hatuna kalorimita, chupa ya chai inafaa? (Kongwa)

JIBU: Inafaa sana.

SWALI: Mimi nayeyusha alumini chakavu kutengeneza sufuria. Kama alumini ni 900 na chuma 450, mbona karai la chuma linakaa na moto zaidi? (Fundi, Majengo)

JIBU: Fundi, umewashinda wanafunzi wangu. Hiyo 900 ni ya kila kilo, na karai halipikiwi kwa kilo. Kipande cha alumini cha sentimita moja ya ujazo kina gramu 2.7; cha chuma, 7.9. Ukizidisha, alumini inabeba jouli 2.4 kwa kila nyuzi, chuma 3.6. Kwa unene ule ule chuma kimeshinda, na makarai mengi ni mazito kuliko sufuria zako. Hukuuliza hili, ila nakuambia: vyuma chakavu vya betri au vyenye rangi usivitie kwenye tanuri lako. Risasi iliyomo huingia kwenye sufuria, na haionekani kwenye mchuzi.